Antikythera: maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu hicho kisiwa cha Wagiriki

Toka niliposema nilikaa wiki tatu Antikythera kama volontia wa kuhesabu ndege, meseji haziishi. Nusu wananiuliza ile mashine ya ajabu iliyotoka baharini, robo wanauliza zile euro 500 kwa mwezi, waliobaki wanadhani natania tu, hakuna kisiwa kama hicho. Sasa nimechoka kuandika jibu moja mara arobaini, nayaweka yote hapa. Ukikuta swali lako lina jibu refu kuliko la mwenzio usinune, mengine hayana mengi ya kusema na mengine nikianza sinyamazi.

Kwanza hiyo Antikythera iko wapi?

Fungua ramani ya Ugiriki, tafuta Krete, kile kisiwa kirefu kimelala kusini kama mamba anaota jua. Nenda kwenye mkia wake wa magharibi, halafu panda kaskazini-magharibi kuelekea bara. Katikati ya bahari utaona kidoa, watu wengi huwa wanadhani ni uchafu kwenye skrini ya simu, hicho ndicho chenyewe. Jirani yake mkubwa ni Kythera, kama kilomita 38 hivi kaskazini-magharibi, na jina Antikythera maana yake ni "kinachoitazama Kythera", yaani kisiwa cha watu hata jina hakina la kwake, kimepewa la jirani.

Eneo lote ni kilomita za mraba 20 tu na kidogo. Urefu kaskazini kwenda kusini kilomita 10 na ushee, upana haufiki hata 4. Kilele cha juu kinaitwa Plagara, mita 378, ukitoka asubuhi unapanda na kushuka na chai unakuta bado ya moto, haya nimeongeza chumvi, lakini sio kwa sana.

Linatamkwaje hilo jina?

Sisi tuna bahati kuliko Wafaransa maana "th" yao ni ile ile ya thelathini na themanini. Wanasema andi-KI-thira, mkazo uko kwenye KI. Mswahili akili yake inampeleka kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, mi mwenyewe siku ya kwanza nikasema andikiTHIra kwa muuza tiketi akanitazama kama naagiza dawa.

Wenyeji wazee wanakiita Lious. Waveneti, watu wa Venice kule Italia, walikiita Cerigotto, maana Kythera waliiita Cerigo, kwa hiyo Cerigotto ni "Cerigo kadogo". Zamani kabisa Wagiriki wa kale walikiita Aigilia. Majina yote haya utakutana nayo kwenye ramani za zamani, usije ukadhani ni visiwa vinne.

Kuna uwanja wa ndege?

Ndege za kupanda hakuna, ndege wa manyoya ndo usiseme. Kuna mahali pa kutua helikopta kwa ajili ya wagonjwa, basi. Wewe na mimi tunaenda kwa feri, ama kutoka Kissamos kule Krete, ama kutoka Kythera, na kila upande ni kama saa mbili hivi bahari ikiwa imetulia.

Sasa neno kubwa hapo ni "ikiwa imetulia". Kiangazi kunavuma upepo wa kaskazini wanauita meltemi, na usiulinganishe na kaskazi yetu, kaskazi inakuja na msimu wake majahazi yalikuwa yanapangia safari za kutoka Arabuni, huu unaamka tu asubuhi umekasirika na unaweza kukasirika siku nne mfululizo. Bahari kati ya Krete na bara ni kama mlango wa nyumba, upepo wote unapita hapo. Mi siku yangu ya kuondoka nilishusha begi bandarini, feri ikaonekana, ikazunguka kidogo, ikaona mawimbi, ikaondoka zake. Nilikaa siku tatu zaidi. Kwa hiyo ukipanga kwenda usiweke tiketi ya ndege ya Athens siku inayofuata, weka siku nne za akiba, na kama una mtu anayekusubiri mwambie mapema kwamba ukimya sio dharau.

Wanaishi watu wangapi?

Sensa ya 2011 ilihesabu watu 68. Ya 2021 ikahesabu 39. Majira ya baridi wanabaki wachache kuliko hapo, Agosti wanajaa watoto na wajukuu kutoka Athens na Krete kwa ajili ya sikukuu ya Mtakatifu Myron, ngoma na nyama ya mbuzi mpaka alfajiri, halafu feri inawabeba kinarudi kimya.

Bandari na kijiji kikuu ni Potamos. Halafu kuna vitongoji kama Galaniana na Charchaliana ambako utapita nyumba kumi za mawe unakuta moja ndo ina moshi. Potamos maana yake mto, na kuna sehemu nyingine inaitwa Xeropotamos maana yake mto mkavu, ila usitegemee kukuta Pangani hapo. Kisiwa ni jiwe la chokaa, mvua ikinyesha inazama, kwa hiyo watu wa zamani walichimba matangi ya kuvuna maji ya mvua kila mahali, na usiku ukitembea bila tochi unaweza kuingia mojawapo.

Na zile euro 500 kwa mwezi je? Niombe wapi?

Haya. Mwaka 2019 vyombo vya habari dunia nzima vilitangaza kwamba Antikythera inamlipa mtu euro 500 kila mwezi kwa miaka mitatu, na nyumba juu, ili ahamie. Kilichokuwepo ni kwamba kanisa la Orthodox la Kythera pamoja na viongozi wa huko walikuwa wanataka kuleta familia chache, unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, familia zenye watoto ili shule isife, na zenye kazi ya mikono, muoka mikate, mjenzi, mvuvi, mfugaji. Shule ya msingi ilikuwa imefunguliwa upya 2018 baada ya miaka mingi ikiwa na wanafunzi watatu. Sasa gazeti moja likaandika, la pili likanakili, la tatu likatoa zile sehemu za "familia chache", na maombi yakamiminika kutoka kila kona ya dunia.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Mwanza na wewe wa Kisumu, hakuna fomu ya kujaza mtandaoni. Kila mwaka hiyo habari inafufuka na kuna matapeli wanaitumia kuomba "ada ya usajili". Hata ingekuwepo, pasipoti yetu inahitaji kibali cha kuishi Ugiriki kwanza, viza ya utalii haikupi hiyo ruhusa. Usimtumie mtu hela.

Kwa nini jiografia yake inasemwa ni ya ajabu? Si jiwe tu?

Ni jiwe ndiyo, ila jiwe lililoinuliwa. Hapa ndo Afrika inapoingia, na sio kwa mapambo: bamba la ardhi la Afrika, hili hili tunalolikanyaga, linasukuma taratibu kuelekea kaskazini na kujipenyeza chini ya Ugiriki kusini mwa Krete. Wanasukumana miaka na miaka, halafu siku moja kinaachia.

Tarehe 21 Julai mwaka 365 kiliachia vibaya. Tetemeko likainua magharibi ya Krete mpaka mita 9, bahari ikakimbia ikarudi kwa hasira ikaifunika Alexandria kule Misri. Antikythera nayo ilipanda karibu mita 3. Ukienda Xeropotamos utaiona bandari ya kale, ile walikokuwa wanavuta meli zao, imekauka iko juu, na kwenye majabali ya pwani kuna mstari kama alama ya maji kwenye ndoo, ndo usawa wa bahari ulipokuwa siku moja kabla. Nilikaa pale nikala chungwa langu nikawaza, bahari haikushuka, ni sisi tuliopandishwa.

Ni kweli walikuwa maharamia?

Kweli tupu. Pale Xeropotamos juu ya bandari kuna ngome, kuta nzito za mawe, ilijengwa karne ya 4 au ya 3 kabla ya Kristo. Watu wa hapo walikuwa washirika wa Falasarna, mji wa bandari magharibi mwa Krete, na kazi yao ilikuwa kukaa mlangoni na kutoza "ushuru" kwa kila meli inayopita, unaelewa ushuru gani nasema. Kule ndani wachimbaji wameokota mawe ya manati na risasi za kombeo kwa wingi, ishara kwamba walishambuliwa sio mara moja. Mwisho wao ulikuja kati ya mwaka 69 na 67 kabla ya Kristo Warumi walipoamua kusafisha maharamia wote wa Mediterania, baada ya hapo ngome ikawa makazi ya kunguru.

Swali zuri ambalo mtu mmoja aliniuliza: wanakula nini watu kwenye jiwe la kilomita 20? Wanaakiolojia wa vyuo vya London na Kanada walikitembea kisiwa chote kwa miguu, kipande kwa kipande, kuanzia 2005, wakiokota kila kigae. Picha waliyoipata ni kwamba kisiwa hiki kinajaa na kinamwagika. Watu wanakuja, wanalima matuta, wanaongezeka, wanaondoka wote, kinakaa kitupu karne nzima au zaidi, wanakuja wengine. Hawa waliopo sasa babu zao walihamia mwishoni mwa karne ya 18 kutoka Sfakia na maeneo ya magharibi ya Krete. Kwa hiyo huu upungufu wa sasa, 68 kwenda 39, kwa kisiwa chenyewe sio kitu kigeni, kimeshawahi kubaki na mbuzi watupu.

Waingereza nao walifika?

Wapi hawakufika. Kuanzia 1815 mpaka 1864 visiwa vya Ionia vyote vilikuwa chini ya Uingereza, Antikythera imo, na wao wakakiona kinafaa kwa jambo moja: kumtupia mtu. Ilias Zervos Iakovatos, mwanasiasa wa Kefalonia, kimojawapo cha visiwa hivyo, aliyekuwa anadai visiwa viunganishwe na Ugiriki, alipelekwa uhamishoni huko 1851. Mwaka 1864 visiwa vikaunganishwa kweli.

Kabla ya hapo, Januari 1807, meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Nautilus iliparamia mwamba usiku karibu na kijisiwa cha Pori, kaskazini kidogo. Walikuwa 122. Walionusurika walikaa juu ya mwamba siku kadhaa bila chakula wala maji, wakafika mahali pa kula maiti ya mwenzao. Wavuvi wa Antikythera ndo waliokuja kuwaokoa na wakawalisha kutoka kwenye akiba yao ndogo. Watu 58 walikufa. Mnara wa taa upo siku hizi, unaitwa Apolytares, ncha ya kusini, umejengwa 1926, ulichelewa kidogo.

Haya sasa tuambie ile mashine.

Nilijua.

Mwaka 1900 wazamiaji wa sifongo kutoka kisiwa cha Symi, nahodha wao Dimitrios Kontos, walibanwa na upepo wakajificha upande wa mashariki wa Antikythera. Watu wa bahari hawawezi kukaa bure, wakasema ngoja tuzame tuone kama kuna sifongo. Akashuka Elias Stadiatis, amevaa suti la turubai na helmeti la shaba na mpira wa hewa, mita arobaini na kitu kwenda chini. Baada ya muda mfupi akavuta kamba wamtoe, katoka anatetemeka, anasema kule chini kuna rundo la maiti na farasi wanaooza. Kontos akavaa yeye, akashuka, akapanda na mkono wa shaba. Zilikuwa sanamu.

Serikali ya Ugiriki ikaleta jeshi la majini na wakafanya kazi na wazamiaji wale wale kuanzia Novemba 1900 mpaka Septemba 1901. Hapa huwa nasimama kidogo maana kila mtu anakimbilia kwenye mashine. Kina kile hawakukijua. Ukikaa chini kwa muda ukapanda haraka, hewa iliyoingia kwenye damu inatoka kama gesi ya soda ukiifungua, inaziba mishipa. Mzamiaji mmoja alikufa na wawili wakapooza. Wakati fulani walikuwa wanasukuma mawe makubwa yaliyowazuia, wanayadondosha kwenye kina zaidi, mpaka mtu akasema hebu tuvute moja juu tulitazame, wakakuta ni sanamu zilizoota magamba ya bahari. Zilizodondoka zilidondoka.

Meli yenyewe ilizama kati ya mwaka 70 na 60 kabla ya Kristo, yaani miaka ile ile ya kuwamaliza maharamia. Ilikuwa imesheheni mali za anasa, vyombo vya kioo, sanamu za shaba na marumaru, na sarafu za Pergamo na Efeso, miji ya upande wa Uturuki ya leo, ikielekea inavyoonekana kwa matajiri wa Roma. Kijana wa shaba aliyetoka humo ana karibu mita mbili, yuko makumbusho ya taifa Athens, nenda ukamwone, sio mbali na kituo cha Viktoria, macho yake yanakufuata.

Mashine? Mei 1902 Valerios Stais, mwanaakiolojia, alikuwa anatazama bonge la shaba lililooza akaona gurudumu lenye meno. Gia. Leo vipo vipande 82 na gia 30 zimeonekana, kubwa kuliko zote ina meno 223. Miaka ya 1950 mpaka 1974 Derek de Solla Price, mwanahistoria wa sayansi, alihangaika nayo, akaipiga eksirei, na 2005 wakaleta mtambo wa eksirei wa tani kadhaa mpaka makumbusho kwa sababu vipande havisafiri. Ukizungusha mpini wa pembeni, mishale inakuonyesha jua liko wapi, mwezi uko wapi na una umbo gani, lini kutakuwa na kupatwa kwa jua au mwezi, na hata mwaka gani ni wa michezo ya Olimpiki. Hayo meno 223 ni miezi 223, ndo mzunguko wa kupatwa kurudi pale pale. Mjomba wangu nilipomweleza akasema wangekuwa nayo watu wa mwandamo tungefunga na kufungua siku moja. Nikamwambia mjomba, wangegombania nani ashike mpini.

Nikienda Antikythera nitaiona?

Hapana! Hapa watu wanapoteza nauli. Iko Athens. Kisiwani kuna bahari na upepo. Wala huwezi kuzamia pale meli ilipo, ni eneo la hifadhi. Uchimbaji unaendelea, Cousteau, yule mzamiaji maarufu wa Ufaransa, alikuja 1953 na 1976, timu ya sasa ni ya wanaakiolojia wa Uswisi na Wagiriki. Mwaka 2016 walipata mifupa ya binadamu, 2022 wakatoa kichwa kikubwa cha marumaru wanachoamini ni cha Hercules, ambaye mwili wake bila kichwa ulikuwa umesimama makumbusho zaidi ya miaka mia unasubiri.

Ukweli ni huu na wenyeji watakuambia wenyewe: ile meli ilikuwa inapita tu. Haikutoka kisiwani, haikuwa inakwenda kisiwani, na chochote cha thamani kiliondoka. Mzee mmoja wa Potamos alituambia, sisi tumebaki na jina kwenye mashine na kozi kwenye majabali. Ndo maana mi nilienda kwa ajili ya kozi.

Kozi gani?

Kozi wa Eleonora. Hili ndo swali nilikuwa nalisubiri na wachache sana wanaliuliza.

Ni ndege mwindaji, mwembamba, mbawa ndefu kama mundu, mkia mrefu. Robo tatu ya kozi wote wa aina hii duniani, na zaidi, wanazaliana Ugiriki, na Antikythera ni moja ya makoloni makubwa kuliko yote, mamia ya jozi kwenye majabali ya upande wa magharibi. Jina ni la Eleonora wa Arborea, mwanamke aliyetawala sehemu ya Sardinia karne ya 14, sheria zake zilikataza watu kuchukua kozi kwenye viota.

Ajabu yake ni kalenda. Ndege wengine wa Ulaya wanataga machipuko, kufika Julai watoto wameshaanza kuruka. Huyu ndo kwanza anataga mwisho wa Julai. Makinda yanatoka mwisho wa Agosti, Septemba yana njaa ya kufa mtu. Kwa nini achelewe hivyo? Kwa sababu Septemba ndo vindege vya Ulaya vinahama kwa mamilioni kuja Afrika, na kisiwa kiko katikati ya njia. Jokofu linamletea chakula mlangoni! Asubuhi madume wanapanda juu, wanatandaza kama nyavu juu ya bahari wakiutazama upepo, wamesimama hewani, mamia ya mita kwenda juu. Kindege kilichoruka usiku kucha kinafika kimechoka, chini maji, juu ukuta. Niliwahi kuona kindege kimoja kikikwepa kozi wanne kikatumbukia kwenye kichaka cha mreteni karibu na miguu yangu kikatulia pale kinahema. Nilishangilia kama nimefunga goli, mwenzangu Mgiriki akanicheka, akasema kule juu kuna kinda litalala njaa kwa furaha yako. Kabla ya Septemba wakubwa wanajilia wadudu tu, kumbe ni wapole.

Huko Morocco kuna watafiti walioripoti kwamba kozi hawa wanafungia ndege hai kwenye nyufa za mwamba, wamewang'oa manyoya ya mbawa, ili waje kuliwa baadaye. Wengine wanabisha. Mi sikuona na sitasema nimeona.

Mbali na kozi kuna wanyama gani?

Mbuzi. Halafu mbuzi. Walioachwa wakawa wa porini, wako kila jabali, ni wengi kuliko watu mara nyingi sana, wanatafuna mpaka miti inaota kama mito ya kukalia. Matuta ya zamani ya ngano na shayiri sasa ni yao. Kuna pia nyuki, asali yao ya zaatari mwitu ni kali na tamu, nililamba nusu chupa kabla ya kufika Athens.

Kwenye mapango ya baharini yupo sili wa Mediterania, mmoja wa mamalia wa bahari walio adimu zaidi duniani. Sikumuona, nilichoona ni samaki wa mvuvi ambao nusu yao walikuwa wametafunwa tumbo na nyavu imetoboka, mvuvi akatukana kwa dakika tano halafu akasema "lakini bahari ni yake pia".

Hicho kituo cha ndege kinafanya nini?

Kinaendeshwa na shirika la Ugiriki la kuhifadhi ndege, wanakamata vindege kwa nyavu laini sana, wanapima bawa, wanapuliza manyoya ya kifua kuona mafuta, wanapima uzito, wanavisha pete ndogo ya chuma mguuni yenye namba, wanaachia. Dakika mbili tatu. Kuamka ni kabla ya alfajiri na nyavu zinakaguliwa kila mara ili ndege wasiumie. Mwenye pete zake ni mtu aliyefunzwa na mwenye leseni, sisi volontia tulikuwa waandishi na wabeba mifuko ya kitambaa.

Siku moja nikapewa nishike kindege cha kijani-njano, gramu 8 na kitu. Aliyenifundisha akasema huyu atakuwa kwenu kabla yako. Wengi wa hao ni wageni wetu: mbayuwayu, keremkerem, tetere baadhi yao, na mwewe wanaokula mabuu ya nyigu wanaopita kwa makundi. Pia kuna kituo kingine kisiwani kinachopima hewa na vumbi la Sahara, kuna siku anga ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa na wale jamaa walikuwa na furaha kama Idi.

Kuna hoteli? Chakula? Netiweki?

Vyumba vichache vya kupangisha Potamos, ulizia kabla. Mgahawa-duka ambao pia ni baraza, posta ya maneno na mahakama. Beba hela taslimu ya kutosha, beba dawa zako zote. Netiweki ipo bandarini, ukivuka kilima inakwenda na maji. Kuogelea nenda Kamarela, maji ya kijani safi, hakuna kivuli.

Hawa kozi wanakwenda wapi baridi ikianza?

Madagaska! Wote karibu. Mwisho wa Oktoba kisiwa kinabaki kimya ghafla. Zamani walidhani wanafuata Bahari ya Shamu na kuteremka na pwani yetu, mpaka walipowafunga vifaa vya setilaiti wakaona la, wanakata Sahara katikati, usiku na mchana, wanaingia bara, wanapita Kenya, Tanzania, Msumbiji, halafu wanavuka mlango wa bahari. Zaidi ya kilomita 6,000 hata ukipima kwa mstari mnyoofu, na wao hawaendi kwa mstari mnyoofu. Kinda wa miezi miwili na nusu anaifanya bila kuonyeshwa.

Kwa hiyo naweza kumuona hapa nyumbani bila feri wala viza?

Unaweza, ila sio rahisi. Kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka Desemba, na tena Machi na Aprili wakirudi, tazama juu mvua inapokuwa imetoka kunyesha na kumbikumbi wanaruka. Kozi wa aina nyingi wanakuja kwenye karamu hiyo, wanawadaka kwa miguu na kula hewani bila kutua. Tafuta yule mkubwa kidogo kuliko wenzie, mbawa ndefu kupita kiasi, mkia mrefu, anapiga mbawa taratibu kama hana haraka. Wengine ni weusi wote kama masizi, hao karibu robo, wengine wana shavu jeupe na tumbo la rangi ya kutu. Ukimuona piga picha hata kama ni mbaya, andika saa na mahali, nitumie, nitawapelekea wale jamaa wa pete.